Folda ilikuwa tupu, lakini sauti zenu zilikuwapo



Kwa kawaida ukurasa huu nautumia kuwapa habari za soko la Kadutu, bei ya unga, barabara iliyokatwa na mvua, na majina ya watu wanaotafutana. Leo nawaomba uvumilivu, maana nitawaeleza habari ya mashine. Ni ile kompyuta ya redio yetu inayotunza sauti zenu. Tulikaribia kuzipoteza mara mbili: mara ya kwanza tuliogopa bure, mara ya pili hatukuogopa pale tulipopaswa kuogopa. Naandika kwa sababu mama mmoja aliniomba niandike, na kwa sababu najua redio nyingine ndogo za Kivu zina mashine za zamani kama yetu.

Sanduku nyuma ya pazia

Kompyuta ninayoisema si ile mnayoiona mezani mkija studio. Ni seva, sanduku bapa la chuma, zito, lenye kelele kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili. Ni ya HP, tuliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi. Tuliiweka katika chumba kidogo nyuma ya studio, tukaifunika kwa pazia ili vumbi lisiingie. Mwaka 2017 fundi wetu wa kwanza aliiwekea mfumo wa Linux, toleo la Debian 9, kisha akaenda Kampala kutafuta maisha. Aliacha daftari moja lenye kurasa nne za maelezo. Kwa kweli hatukulisoma vizuri.

Ndani ya sanduku hilo kuna diski nne. Mbili za kwanza zinabeba mfumo, mbili za mwisho zinabeba kumbukumbu ya sauti. Diski za kumbukumbu zinabeba kitu kilekile, kusudi moja ikifa nyingine iendelee. Kati ya diski hizo na mfumo kuna kadi inayoitwa kidhibiti. Kwa HP jina lake ni Smart Array. Kazi yake ni kama ya mtunza depo pale sokoni. Wewe mteja huingii depo. Unamwambia unachotaka, anaingia mwenyewe, anakuletea. Kama gunia moja limetoboka, anachukua kutoka gunia la pili, na wewe hujui lolote.

Hapo ndipo penye faida, na hapohapo ndipo penye hatari. Mfumo hauoni diski mbili, unaona diski moja tu ambayo kidhibiti kimeitengeneza. Ukitaka kujua diski ipi inaumwa, ni lazima umuulize mtunza depo mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, na upite mlango wake.

Mnajua ni nini kilichomo katika kumbukumbu hiyo. Mna matangazo ya kutafutana, tuliyoyarekodi kwa miaka. Mna sauti za Kalehe. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua na mito vilifagia Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Nilifika huko baada ya siku chache nikiwa na kinasa sauti. Watu walipanga mstari mbele yangu kama mbele ya muuguzi. Kila mmoja alisema jina lake, jina la anayemtafuta, nguo aliyokuwa amevaa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Sauti hizo nilizirudisha Bukavu, nikaziweka katika sanduku lile nyuma ya pazia, nikalala nikijua ziko salama.

Siku tuliyoona folda tupu

Mwezi wa kumi na moja 2024 tulitaka kutumia programu mpya ya kupanga vipindi. Ilikataa kufanya kazi katika mfumo wetu kwa sababu ulikuwa wa zamani mno. Fundi wetu wa sasa ametutangulia kwa umri, kwa hiyo tunamwita Yaya. Alikuja siku ya Jumamosi, akapandisha mfumo kutoka Debian 9 kwenda Debian 10. Kazi ilichukua siku nzima kwa sababu umeme ulikatika mara mbili na jenereta ilikuwa na mafuta kidogo. Jioni kompyuta ikawaka vizuri. Tukapiga makofi.

Jumapili asubuhi nilifungua folda ya kumbukumbu nitafute tangazo moja. Folda ilikuwapo, jina lake lilikuwa lilelile, lakini ndani hapakuwa na kitu. Hata faili moja.

Nilikaa chini. Niliwaza wale watu waliopanga mstari Nyamukubi. Nilimpigia Yaya simu akiwa kanisani, akatoka ibada haijaisha. Mkurugenzi alikuja pia. Kila mmoja alisema lake. Mmoja alisema umeme ulipokatika ulichoma diski. Mwingine alisema tulifuta wenyewe wakati wa kupandisha mfumo. Mkurugenzi alitaka tutoe diski tuzipeleke kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta karibu na Nyawera. Namshukuru Mungu kwamba hatukuzitoa. Diski za namna hiyo ukizipachika kwenye kadi nyingine isiyozijua, na mtu akabonyeza kukubali zianzishwe upya, hapo ndipo unazipoteza kweli.

Ni daftari la yule aliyekwenda Kampala lililotuokoa. Ukurasa wa tatu aliandika kwamba kumbukumbu iko katika njia inayoitwa /dev/cciss/c0d1p1. Yaya akatafuta njia hiyo katika mfumo mpya. Haikuwapo. Hata folda ya cciss yenyewe haikuwapo. Akaangalia orodha ya diski zote ambazo mfumo unaziona, akakuta moja yenye ukubwa uleule wa kumbukumbu yetu, lakini inaitwa /dev/sdb. Akaifungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Sauti zote zilikuwa mle.

Jina lilibadilika, nyumba ni ileile

Niwaeleze kilichotokea, kwa namna nilivyoelezwa na Yaya na nilivyosoma baadaye.

Kila mfumo wa kompyuta una kiini chake, mafundi wanakiita kerneli. Kerneli ndiyo inayozungumza na vyuma: diski, kadi ya sauti, spika, kila kitu. Zamani, katika Linux, vidhibiti vya aina hii vya HP vilikuwa na mkalimani wao wa pekee aliyeitwa cciss. Mkalimani huyo aliwapa diski majina ya namna yake: c0d0 maana yake kidhibiti cha kwanza, diski ya kwanza. Mwaka 2010, katika kerneli 2.6.33, aliingia mkalimani mpya, hpsa, kwa ajili ya kadi mpya zaidi. Huyu aliamua kufuata lugha inayotumiwa na diski nyingi nyingine, kwa hiyo diski zake zinaitwa sda, sdb na kuendelea, kama za kompyuta yoyote. Kwa miaka wote wawili walikaa pamoja, mmoja akihudumia za zamani, mwingine za karibuni. Mwezi wa kumi na moja 2017, katika kerneli 4.14, yule wa zamani aliondolewa kabisa, na kadi zake akakabidhiwa hpsa.

Debian 9 ina kerneli 4.9, kabla ya mabadiliko hayo. Debian 10 ina kerneli 4.19, baada yake. Sisi tuliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa Jumamosi moja, na hakuna aliyetuambia kwamba mtaa umebadilishwa jina.

Wazee wetu wataelewa upesi. Mji huu uliwahi kuitwa Costermansville wakati wa Wabelgiji. Mtu akituma barua leo kwa Costermansville, mletaji barua kijana ataisoma, atatikisa kichwa, ataseme mji huo haupo. Je, Bukavu imetoweka? Ziwa liko palepale. Ruzizi inatoka palepale. Aliyekosea si mji, ni anwani.

Basi kwa nini kompyuta iliwaka vizuri wakati kumbukumbu ilitoweka? Kwa sababu sehemu ya mfumo ilikuwa inatafutwa kwa namba yake ya kudumu, iliyoandikwa ndani ya sehemu yenyewe. Mafundi wanaiita UUID. Namba hiyo ni kama ile ya kadi yako ya mpiga kura: ukilala Kalehe, ukilala Bukavu, ukilala kambini, namba ni ileile. Lakini sehemu ya kumbukumbu iliongezwa baadaye kwa mkono, na iliandikwa kwa jina la mlango. Tena iliwekewa ruhusa kwamba isipopatikana, kompyuta iendelee kuwaka bila kulalamika. Ndiyo maana tuliona folda tupu badala ya onyo.

Yaya alibadilisha mstari mmoja tu, akaweka UUID badala ya jina. Sauti zikarudi mahali pake. Tulicheka, tukanunua soda. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa nimejifunza jambo moja: ukiita kwa jina la zamani usipojibiwa, usikimbilie kulia msiba.

Lakini hilo ni nusu ya somo. Nusu ya pili tulikuwa hatujaiona.

Mlinzi aliyenyamaza

Katika daftari lile, ukurasa wa nne, kulikuwa na jambo lingine. Fundi wa kwanza alikuwa ameweka programu inayoitwa smartmontools. Kazi yake ni kuuliza diski kila siku: unaendeleaje, una joto kiasi gani, sehemu ngapi zimeharibika? Diski ikianza kuumwa, programu inatuma onyo. Na kwa sababu diski zetu ziko nyuma ya kidhibiti, aliiambia ipite mlango wa mtunza depo. Mlango huo aliuandika kwa jina la zamani, /dev/cciss/c0d0.

Mmeshaelewa. Siku tulipopandisha mfumo, mlango huo ulitoweka. Mlinzi akaenda kugonga, hakukuta mlango, akaandika neno moja katika kitabu cha kumbukumbu ambacho hakuna anayekisoma, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hatukupata onyo lolote. Na sisi tukasema: mnaona, tangu tubadilishe mfumo, mashine haisumbui tena.

Ukimya wake tuliuita uzima.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 2025. Sina haja ya kuwasimulia, mliuishi. Mwezi wa kwanza vita vilipita Minova, vikashuka Kalehe. Tarehe 14 mwezi wa pili wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na tarehe 16 mji ukawa mikononi mwao. Wengi walishuka uwanda wa Ruzizi wakavuka kwenda Burundi, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wengine walijificha kwa ndugu. Sisi tulizima mitambo kwa siku kadhaa. Seva ilizimwa ghafula, bila utaratibu, na ikakaa baridi.

Tuliporudi hewani, kazi ikawa moja tu, kutafutana. Hapo nikaona jambo ambalo lilinikumbusha folda tupu. Watu walikuja wakilia kwamba ndugu yao hapokei simu, basi amekufa. Tulipochunguza, mara nyingi mtu alikuwa hai, yuko Burundi, amenunua laini ya huko. Namba yake ya +243 imezimwa, sasa ana ya +257. Anayepiga namba ya zamani anasikia ukimya, na ukimya huo anauita kifo. Nilitangaza hewani mara nyingi: kabla ya kulia, uliza kwa njia nyingine, kwa jirani, kwa kanisa, kwa redio.

Nilitangaza hivyo kila jioni, na mashine iliyokuwa nyuma yangu sikuiuliza kitu.

Mama wa Nyamukubi

Mwezi wa nne alikuja mama mmoja. Alikuwa amekimbia kutoka Kalehe na watoto watatu, anakaa kwa shangazi yake Kadutu. Alikaa kwenye benchi hadi nilipomaliza habari za saa saba. Kisha akasema: "Mwanangu, wewe ndiye ulikuja kwetu na kile kifaa?"

Nikamwambia, ndiyo Mama, ni mimi.

Mume wake alizungumza kwenye kinasa sauti changu mwezi wa tano 2023. Alikuwa anamtafuta binti yao. Binti hakupatikana. Mume naye alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa. Mama alikuwa na sauti yake kwenye simu, lakini simu ilipotea njiani wakati wa kukimbia. Mtoto wa mwisho, akasema, ameanza kusahau jinsi baba yake alivyokuwa anaongea. "Najua ninyi mnatunza," akaniambia. "Nipe hata kidogo."

Nilikwenda kwenye kompyuta kwa furaha, nikijua ni kazi ya dakika mbili. Nikafungua folda ya mwezi wa tano 2023. Ilichukua muda mrefu kufunguka. Nikabonyeza faili moja, mashine ikanyamaza, ikatoa mlio mdogo kama kucha inayogonga bati, kisha ikakataa. Nikamwambia Mama arudi kesho. Sikumweleza sababu.

Yaya alikuja jioni. Aliuliza diski kwa amri iliyokuwa katika daftari, kwa mlango wa zamani. Jibu: hakuna kitu cha namna hiyo. Akauliza /dev/sdb yenyewe. Jibu: kifaa hiki hakina uwezo wa kueleza afya yake. Akasema, "Basi hatuwezi kujua."

Hapo nikakumbuka Costermansville. Nikamwambia, Yaya, sdb si diski, ni lile gunia ambalo mtunza depo anatuonyesha. Anayejua ni mtunza depo. Yeye sasa anaitwaje?

Tulitafuta hadi usiku katika maelezo ya programu yenyewe, na mle imeandikwa wazi. Kwa mkalimani wa zamani unauliza hivi: smartctl -a -d cciss,0 /dev/cciss/c0d0. Kwa mkalimani mpya neno cciss linabaki, lakini mlango ni mmoja wa ile inayoitwa sg: smartctl -a -d cciss,0 /dev/sg0, au sg1, au sg2, kulingana na mashine. Namba inayofuata cciss ni namba ya diski, kuanzia sifuri. Ili kujua sg ipi ni ya kidhibiti, amri ya lsscsi -g inaonyesha orodha. Chukua mstari wa kidhibiti chenyewe, usichukue wa diski.

Tukauliza. Diski ya 0 ilijibu vizuri. Ya 1 vizuri. Ya 2 haikujibu kabisa, ilikuwa imekufa. Ya 3 ilijibu kwamba hali yake ni nzuri, lakini orodha ya sehemu zake zilizoharibika ilikuwa ndefu, na kila tulipouliza tena iliongezeka.

Yaya akavuta pazia. Mbele ya sanduku, kwenye diski ya tatu kutoka kushoto, taa ndogo ilikuwa inawaka rangi ya chungwa. Mtu mmoja wa studio akasema, "Hiyo? Ina majuma mengi. Nilidhani ni ya umeme."

Sina wa kumlaumu. Aliyetengeneza kadi aliweka taa. Aliyeandika programu aliweka maelezo. Fundi wa kwanza aliweka mlinzi na aliacha daftari. Kosa lilikuwa letu, na sehemu yangu ni kubwa, kwa sababu ni mimi niliyewaambia watu wa Nyamukubi kwamba sauti zao zitatunzwa.

Usiku tatu

Diski mpya haikupatikana. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, benki zilikuwa zimefunga, na diski ya aina ile si kitu unachokuta dukani. Tuliazima diski ya nje kwa rafiki. Seva hiyo ya zamani inanakili polepole, na diski inayokufa inanakili polepole zaidi. Tulijua inaweza kuzimika saa yoyote. Kwa hiyo swali likawa: tuanze na nini?

Mkurugenzi alitaka tuanze na matangazo ya wafanyabiashara waliokwisha kulipa, kwa sababu bila wao hatununui mafuta ya jenereta. Hakukosea, na sikumwona mtu mbaya. Lakini nilimwambia kwamba tangazo la sabuni mwenye duka anaweza kulisema tena kesho. Aliyekufa hasemi tena. Alinyamaza kidogo, akasema, anza na Kalehe.

Tulinakili usiku tatu, saa ambazo umeme ulikuwapo, na jenereta ilikuwa tayari. Tulizima kila programu nyingine ili diski isifanye kazi isiyo ya lazima. Hatukujaribu kuitengeneza. Diski inayokufa haitengenezwi, unatoa kwanza kilichomo.

Faili kumi na moja zilikataa. Saba ni za muziki, na muziki tutaupata kwingine. Nne ni za Nyamukubi. Hizo nne siwezi kuzirudisha. Nina daftari langu la safari ile, kwa hiyo majina ninayo, lakini sauti zimekwenda. Nimeshazipata familia mbili kati ya hizo nne, nikaenda kuwaambia mwenyewe, uso kwa uso. Mbili bado natafuta.

Sauti ya yule baba ilikuwa kati ya zilizopona. Ina dakika moja na sekunde chache. Mama aliporudi, tulimwekea kwenye kadi ndogo ya simu, na nakala ya pili kwenye simu ya shangazi yake. Aliomba tuisikilize mara moja palepale. Mtoto wa mwisho alisimama karibu na spika. Baba alisema jina lake, jina la binti, gauni la kitambaa cha buluu, mahali alipoonekana. Mtoto aliuliza: "Mbona anaongea kama amepigwa na baridi?" Mama akajibu kwamba siku hizo mvua ilikuwa haijaacha.

Kabla ya kuondoka aliniambia: "Andika, wengine wajue sauti zao ziko wapi, waje wachukue." Ndiyo maana naandika.

Neno kwa mafundi, na neno kwenu

Kwa redio nyingine zenye mashine za zamani, nasema haya. Kabla ya kupandisha mfumo, andika kwenye karatasi majina ya milango yote ambayo mashine inatumia, kisha baada ya kupandisha uliza kila moja kama bado ipo. Sehemu za diski zitafute kwa UUID, si kwa jina. Kwenye mlinzi wa diski badilisha mlango uwe mpya, kisha mjaribu: mlazimishe atume onyo la majaribio uone kama linafika. Jambo hili si la HP peke yake. Diski za zamani za aina ya IDE ziliwahi kuitwa hda katika Linux, zikawa sda, na mwaka 2021, katika kerneli 5.14, njia ile ya zamani iliondolewa kabisa. Wanaotumia Windows wanajua shida ya namna hiyohiyo: kadi ya sauti iliyokubali XP inaweza kukataliwa na Windows ya biti 64, kwa sababu inadai mkalimani mwingine, wa biti 64. Chuma hakijafa, ni mkalimani aliyeondoka. Ulizeni kabla ya kutupa.

Na kwenu wasikilizaji: msituachie sisi peke yetu. Kama mlizungumza nasi mwaka 2023, au wakati mwingine wowote mkitafuta mtu wenu, njooni na kadi ya simu au flashi, tutawapa sauti yenu bila malipo. Mkishaipata, muiweke mahali pawili. Sisi sasa tunayo katika diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya habari, ninavuta pazia niangalie taa, kisha nauliza diski moja baada ya nyingine, kwa mlango wao mpya.

Na mkibadilisha laini ya simu, popote mlipo, Bukavu, Rugombo au mbali zaidi, tumeni neno kwetu tulitangaze. Kuna mtu huku anayepiga namba yenu ya zamani kila jioni.

Ni mimi mwandishi wenu, Bukavu.